Sherehe za Lamu: Maulidi yanafaa nauli, Tamasha la Novemba linataka subira

Muulize wakala wa safari wa Nairobi au Mombasa lini uende Lamu uone sherehe. Atakujibu Novemba, Tamasha la Utamaduni, na papo hapo ataanza kukutafutia chumba. Jibu lake lina ukweli, ila limeacha nusu ya habari. Lamu ina kalenda mbili. Moja huhesabiwa kwa mwandamo wa mwezi, na kilele chake ni Maulidi ya Mfungo Sita katika msikiti wa Riyadha, mtaa wa Langoni. Ya pili ni ile ya ukutani: Tamasha la Novemba, mashindano ya mashua ya siku ya mwaka mpya, yoga kule kijiji cha Shela na maonyesho ya wachoraji. Hapa zinapimwa zile mbili kubwa, kwa jicho la msafiri anayejilipia mwenyewe, mwenye siku nne au tano mkononi, anayetaka kujua pesa zake zitampa nini.

Mwenye uwezo wa safari moja tu na aende Maulidi. Tamasha ni zuri, lina vituko vingi ndani ya siku chache na watoto hawatachoka, lakini limeandaliwa kwa ajili ya mgeni, na shughuli iliyoandaliwa kwa ajili ya mgeni husimama mgeni rasmi anapochelewa. Maulidi hayamngoji mtu. Wenyeji wanayafanya kwa ajili yao, na wewe ukiwepo utakaribishwa, usipokuwepo yatasomwa vile vile.

Maji kwanza, ratiba baadaye

Tofauti kubwa kati ya sherehe hizi mbili utaiona baharini kabla ya kuiona kwenye ngoma. Pwani hii maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, ni bamvua: tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3, maji hujaa kwenye saa kumi na kitu alfajiri na tena alasiri, na hukauka kwenye saa nne na kitu asubuhi. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: tofauti ni mita moja na ushei tu, na maji hujaa kwenye saa nne au saa tano asubuhi.

Sasa angalia. Maulidi ya Lamu hufanyika wiki ya mwisho ya Mfungo Sita, kuanzia mwezi unapobaki nusu mpaka unapokaribia kuandama. Maana yake ni kwamba maji ya Maulidi ni karibu yale yale kila mwaka, yaangukie msimu wa upepo wa kusi au wa kaskazi. Kwa kawaida wiki inaanza na maji mafu na kuelekea bamvua. Ijumaa ya mwisho ikiangukia tarehe 27 ya mwezi na kuendelea, zefe, yaani maandamano ya Maulidi, linapopita ukingoni alasiri bahari huwa inapanda ngazi za gati. Hakuna kamati iliyokaa ikapanga hivyo, wala hakuna inayoweza kuliharibu.

Tamasha, kwa kuwa hufuata kalenda ya ukutani, kila mwaka hukutana na maji tofauti. Mwaka mmoja ni bamvua, mwaka wa pili ni maji mafu, na ratiba iliyochapishwa mara nyingi husomeka kana kwamba bahari haina zamu. Mashindano ya mashua yakiandikwa saa nne asubuhi siku ya bamvua, ujue hayataanza saa nne, kwa sababu saa nne ndipo maji yamekauka na mashua nyingine zimelala kwenye tope. Kwa hiyo kabla ya kuamini karatasi, chukua jedwali la maji; la bandari ya Kilindini linatosha, Lamu haipishani nalo sana. Shindano lolote la mashua au la kuogelea ulitarajie katika saa mbili kabla ya maji kujaa kabisa au saa moja baada yake. Mambo ya nchi kavu, kama punda, bao na ngoma, yatarajie asubuhi mpaka kabla ya adhuhuri, au baada ya alasiri. Kati ya adhuhuri na alasiri mji umelala, nawe lala. Ijumaa usitegemee lolote mpaka watu watoke msikitini na kula.

Kuhusu tarehe: kwa 2026 wiki ya Maulidi inaangukia mwanzo wa Septemba, kuelekea tarehe 10 na 11. Kwa 2027 inarudi nyuma hadi siku za mwisho za Agosti. Siku moja mbele au nyuma huamuliwa na mwandamo, basi usikate tiketi ya ndege isiyobadilika ya kuondoka siku ile ile ya zefe. Tamasha kwa kawaida huwa siku tatu au nne kuelekea mwisho wa Novemba, na tarehe kamili hutangazwa siku zikiwa zimebaki chache kuliko angependa mtu anayeomba likizo kazini.

Maulidi ya Riyadha

Riyadha iliasisiwa na Habib Swaleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija, na mpaka leo wageni wa Maulidi hutoka Ngazija, Unguja, Tanga, Uganda na hata ng'ambo ya bahari, mbali na wale wa Mombasa na Malindi wanaojaza mabasi. Kinachosomwa ni Maulidi ya Habshi, si Barzanji iliyozoeleka sehemu nyingi za pwani. Aliyezoea Barzanji ataona tofauti mara moja: matwari, ngoma bapa za mkononi, yapo ndani ya usomaji wenyewe, na safu za vijana waliovaa kanzu nyeupe huinama na kuinuka pamoja kwa mwendo mmoja, bega kwa bega, kuanzia taratibu mpaka kasi.

Kilele ni usiku wa kuamkia Ijumaa ya mwisho, halafu Ijumaa yenyewe baada ya alasiri: ziyara kwenye kaburi la Habib Swaleh, kisha zefe la bendera na matwari linaloingia mjini kwa kupitia ukingo wa bahari mpaka Riyadha. Anayefika Ijumaa asubuhi atapata zefe na kukosa usiku, na usiku ndio wenye Maulidi. Fika Jumanne au Jumatano. Siku hizo za kati ndizo zenye mashindano: mashua, punda, kuogelea, kuvuta kamba, bao. Yote yapo ndani ya wiki ya Maulidi, jambo ambalo wengi hawalijui, na ndiyo sababu nyingine ya kusema kwamba anayekwenda Novemba kwa ajili ya punda alikuwa na njia nyingine.

Uwanja ulio mbele ya Riyadha huwa na ngoma jioni. Tazama goma kwa makini. Kwa mtu wa harakaharaka litaonekana halina kitu: wanaume wa makamo kwenye mstari, kanzu zimepigwa pasi, kila mmoja na bakora yake, wanasogea hatua isiyofika shubiri. Mchezo wenyewe uko kwenye goti na bega. Goti hulegea mpigo wa ngoma ukiingia, bega hufuata nusu mpigo baadaye, na bakora hupanda polepole mpaka usawa wa bega bila mkono kutetemeka. Kijana akiingia kwenye mstari na kuharakisha, utaona wazee hawamwambii neno. Wanapunguza mwendo mpaka yeye mwenyewe abaki peke yake mbele. Kirumbizi ni kinyume chake: fimbo mbili, watu wawili katikati ya duara, zumari inalia, na pigo hulengwa mguuni au kichwani ili mwenzio alikinge. Usisimame mstari wa mbele na kamera shingoni. Fimbo huteleza.

Mwanamke atakayekwenda ajue kwamba nafasi yake imetengwa, na anachokiona si chote anachokiona mwanamume aliye barabarani. Wengi huangalia zefe kutoka madirishani na juu ya dari za nyumba za ukingoni, mahali ambapo kwa kweli panaonyesha vizuri zaidi kuliko chini. Omba ruhusa kwa mwenye nyumba mapema, asubuhi, si zefe likiwa limeshafika. Buibui si lazima kwa mgeni asiye Mwislamu, ila nguo ndefu iliyolegea na mtandio ni lazima kwa adabu. Mwanamume avae suruali ndefu. Kaptula inamfanya mtu aangaliwe yeye badala ya zefe. Picha za umati kwa mbali hazina tatizo. Uso wa mtu anayesoma au kuomba, uliza kwanza, na ukikataliwa usibishane.

Kasoro za Maulidi kwa mgeni ni hizi. Hakuna karatasi ya ratiba utakayopewa, hakuna kibao cha kukuelekeza, na swali la "inaanza saa ngapi" hujibiwa "baada ya isha", jibu ambalo ni kamili kwa aliyezoea na fumbo kwa asiyezoea. Vipaza sauti huenda mpaka usiku mwingi. Vyumba vya Langoni huishia kwa mahujaji na jamaa zao wiki kadhaa kabla. Na anayetaka bia na disko amekosea njia; mji wa Lamu wenyewe ni mkavu karibu wote siku za kawaida, sembuse wiki hiyo.

Mashua

Shindano la mashua ndilo bora kuliko yote visiwani humu, na ndilo wageni wengi huliangalia vibaya. Husimama gatini mahali pa kuanzia, huona matanga yakitweka na kuondoka, hupiga picha, huenda kunywa juisi. Wamekosa mchezo.

Mfereji kati ya Lamu na kisiwa jirani cha Manda unaelekea Shela upande wa kusini-mashariki. Wakati wa kusi, upepo huingia kutoka huko huko, kwa hiyo mwendo wa kwenda Shela ni wa kubisha, yaani kwenda mshazari kuukabili upepo, na mwendo wa kurudi ni wa kutia tanga na kuachia. Ushindi hupatikana kwenye kubisha. Mashua yenye tanga la pembetatu haigeuki kwa wepesi: ili kubadili upande, foromali lote, ule mti unaobeba tanga, hupelekwa kuzunguka mlingoti, demani, kamba ya tanga, inaachiwa na kushikwa upande wa pili, na kwa muda huo chombo hakina nguvu na maji yanakirudisha nyuma. Wafanyakazi hodari humaliza kazi hiyo kabla omo, pua ya chombo, haijapoteza mwelekeo. Wasio hodari utaona tanga likipigapiga hewani, watu wanne wanapiga kelele, na mashua iliyokuwa nyuma inapita chini yao kimyakimya. Hapo ndipo pa kusimama: nusu ya njia kati ya mji na Shela, kwenye njia ya miguu ya ufukweni, mahali zinapokaribia nchi kavu na kugeuza.

Jambo la pili la kuangalia ni uzito. Farumi, uzito wa kutuliza chombo, kwenye mashua ya shindano ni magunia ya mchanga, na huhamishwa kila zamu ya kubisha kwenda upande wa upepo. Pamoja nayo kuna ubao mrefu unaotokezwa nje ya ubavu, na vijana hukaa juu yake wakining'inia juu ya maji ili chombo kisilale. Upepo ukipungua ghafla, walio nje lazima warudi ndani mara moja. Wakichelewa, mashua hupinduka kuelekea upande wao. Ndiyo ajali ya kawaida ya mchezo huu, na mara nyingi haiumizi ila heshima, kwa sababu boti za kuokolea hufuata nyuma.

Kwa nini basi shindano la Novemba hukosa ladha? Novemba ni maleleji. Kusi limekwisha, kaskazi halijashika, na upepo huja kwa vipande. Nahodha mzuri na nahodha wa wastani hulingana pale ambapo hakuna upepo wa kumtenganisha mmoja na mwingine. Shindano la siku ya mwaka mpya lina kaskazi mbichi, na kwa mashua peke yake ni bora mara mbili kuliko la Novemba. Maulidi ya miaka hii, yakiangukia Agosti na Septemba, bado yana kusi. Ukitaka kuangalia ukiwa majini, kodi mashua au boti mapema, mwambie nahodha akae upande wa chini ya upepo, na vaeni majaketi ya kuokolea nyote, watoto kwanza. Asiyekuwa nayo ya kutosha mwache. Upepo ukipinga na maji ya kupwa, mawimbi mafupi huinuka karibu na Shela na boti ndogo hutikisika sana.

Tamasha la Novemba

Tamasha lilianza miaka ya mwanzo ya 2000, wakati mji mkongwe unaingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, 2001. Shughuli za jioni huwa zaidi kwenye uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome, ile iliyojengwa kati ya 1813 na 1821. Mahali hapa ni pazuri mno, na ni padogo mno. Jukwaa likishawekwa na viti vya wageni rasmi vikapangwa, mwananchi wa kawaida hubaki kwenye mitaa inayoingia uwanjani, akiangalia migongo. Ukitaka kuona, fika baada ya magharibi, kabla ya isha, ukakae kwenye ngazi za Ngome au baraza za pembeni. Hotuba ni ndefu. Zihesabu kama sehemu ya onyesho na uje na kahawa yako.

Kinachofanya Tamasha lifae ni mchanganyiko. Ngoma za Wabajuni, za Wapokomo, za Waboni na za Waorma, watu wa kaunti hii hii ambao Maulidi hayawaleti uwanjani, huzipati mahali pengine pamoja kwa siku tatu. Mashairi ya Kiamu, lahaja ya Lamu, yanayosomwa usiku ni hazina kwa anayeisikia lugha. Ajabu ni kwamba huwekwa mwisho kabisa wa ratiba, baada ya muziki wa vipaza sauti, wakati wasikilizaji wameshaanza kusinzia. Waandaji wangeyaanza saa mbili usiku wangepata ukumbi uliojaa.

Mbio za punda ndizo kivutio cha watoto na wapiga picha. Hukimbizwa ukingoni, na mpandaji hana tandiko. Hukaa nyuma kabisa, juu ya kiuno cha mnyama, miguu ikining'inia. Asiyejua hudhani anakosea, ila punda mdogo hubeba vizuri zaidi hapo, na mtu akikaa katikati ya mgongo hurushwa. Kinachoharibu mbio ni umati. Watu wanasogea kuona wanaokuja, njia inabaki upana wa mita mbili, punda wa mbele anaona ukuta wa watu na kusimama ghafla, na aliye juu yake anaendelea mbele bila yeye. Kwa hiyo simama juu ya ngazi au baraza, upande wa nyumba, kamwe si upande wa bahari, ambako hakuna ukuta wa kukuzuia usitumbukie. Wenye watoto wawabebe juu, si kuwashika mkono. Wanaohuzunishwa na jinsi punda wanavyotumikishwa wapite kwenye hospitali ya punda ya Donkey Sanctuary, iliyo papo hapo ukingoni. Inatibu bila malipo na hupokea wageni.

Bao huchezwa kivulini, na hapa mgeni anaweza kukaa saa tatu bila kulipa chochote. Ni bao la Kiswahili, mashimo 32, kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa kwenye nyumba, shimo lake kuu, na 22 mkononi. Awamu ya namua, kete za mkononi zinapoingizwa moja moja, ndiyo ya kuangalia: mchezaji mzuri hutunza nyumba yake mpaka mwenzake alazimike kuivunja ya kwake. Usishauri kutoka pembeni. Hata ukiwa umeona.

Kwenye vibanda vya hina kuna jambo la kiafya ambalo halisemwi vya kutosha. Hina ya majani ni tope la kijani au kahawia lenye harufu ya majani, hukaa mkononi saa nne hadi sita, ikibanduliwa huacha rangi ya chungwa inayokolea kuwa nyekundu-kahawia kwa siku moja au mbili. Piko ni nyeusi, hukauka kwa nusu saa, na aghalabu huchanganywa na rangi ya nywele. Kemikali ya rangi hiyo huunguza ngozi za watu wengine, malengelenge hutokea siku chache baadaye na kovu hubaki kwa umbo lile lile la ua. Ukiambiwa "itakuwa nyeusi sasa hivi", hiyo ni piko. Watoto wasipakwe kabisa.  Na kwa kuwa hina nzuri inataka saa sita, paka baada ya alasiri, si asubuhi ya siku unayotaka kula kwa mkono.

Chakula na kulala

Chakula hakiwezi kukosolewa sana. Alfajiri tafuta mkate wa mofa ungali moto, au mahamri na mbaazi za nazi. Jioni ukingoni kuna mishkaki, viazi vya karai, bajia na juisi ya ukwaju. Wakati wa Maulidi ukialikwa kwenye sinia la pilau au biriani, nawa, kaa, kula upande wako wa sinia, na usitoe pesa; ukitaka kurudisha wema peleka sukari au mchele nyumbani kesho yake. Samaki wa kukaanga aliyekaa nje tangu adhuhuri mwache, nenda kwa anayekaanga mbele ya macho yako.

Malazi ni mtihani kwa sherehe zote mbili. Mkomani, upande wa kaskazini wa Ngome, ni kimya zaidi kuliko Langoni na bado unafika Riyadha kwa dakika 15 za miguu. Chumba cha juu chini ya makuti hupata upepo. Cha chini huhifadhi joto na mbu, hata feni ikizunguka. Ulizia chandarua kisichotoboka. Shela iko kilomita 3, ni pazuri, bei yake ni ya juu, na kosa la wengi ni kupanga Shela ili kuhudhuria shughuli za usiku mjini. Njia ya ufukweni huchukua dakika 40 hadi 45, na maji yakijaa sehemu yake hufunikwa. Usiku utategemea boti, nayo nauli ya usiku ni ya kuelewana, na anayeelewana saa sita za usiku hana nguvu ya kubisha bei.

Pesa taslimu zilete kutoka Mombasa au Malindi. Mashine za benki ni chache, na sherehe ikichanganya huishiwa. M-Pesa inakubaliwa karibu kila mahali, ila mawakala huishiwa noti.

Kufika na kuondoka

Ndege kutoka Nairobi huchukua saa moja na ushei hadi Manda, halafu boti ya dakika chache. Kwa basi kutoka Mombasa tenga siku nzima: huondoka alfajiri, hupitia Malindi, Garsen na Witu mpaka Mokowe, gati la upande wa bara, na kuna vituo vya polisi njiani ambapo kila abiria hushuka na kitambulisho au pasipoti. Asiye nacho hubaki hapo. Safari ya Novemba ina hatari moja zaidi, mvua za vuli: mwishoni mwa 2023 mafuriko yalikata barabara hiyo pale Lango la Simba, na magari hayakupita. Mwaka ambao mvua imekuwa kubwa bara, angalia habari za Mto Tana kabla ya kulipa.

Mokowe hadi Lamu, boti ya abiria ni nusu saa na zaidi kidogo, ya kasi ni robo saa. Maji yakiwa yamekauka utavuka kwa kukanyaga boti mbili tatu kabla ya kufika yako, basi mzigo uwe wa kubeba mgongoni. Nauli iulize kwa abiria mwenzako, si kwa anayekukimbilia mlangoni pa basi. Na hamali akishika begi lako mtajiane bei kabla halijatoka ardhini.

Kuondoka ndiko kunakowatesa watu wengi zaidi, hasa Jumamosi baada ya zefe, kwa kuwa kila mtu anataka basi la asubuhi hiyo. Kata tiketi ya kurudi siku unayofika, ya Jumapili au Jumatatu ikiwezekana, na umuulize karani boti inayounganisha na basi hilo inang'oa saa ngapi na kutoka ngazi zipi. Nauli ya kuvuka mara nyingi haimo kwenye tiketi ya basi, kwa hiyo weka noti ndogo mfukoni tangu usiku, maana alfajiri hiyo hakuna wa kukuchenjia.